Zulia Jekundu Kwenye Kliniki ya Meno

Mjukuu wangu ni daktari wa meno, na mimi bibi yake mdomoni nimebakiwa na meno ya kupigia picha tu, ya kutafunia yalishakwenda zamani. Watu wakituona pamoja wanacheka. Mimi sijali. Huyu mtoto nimemlea mwenyewe, na alipoota jino lake la kwanza alilijaribia kwenye kidole changu hiki cha shahada. Nikapiga ukelele mpaka wapangaji wakatoka uani. Nikasema siku ile ile, huyu na meno wana jambo lao.

Kabla sijaendelea niseme habari ya majina. Shule nilisoma mpaka darasa la nne, na hesabu zilinishinda, lakini jina la mtu likiingia kichwani kwangu halitoki. Wapangaji wote waliopita katika nyumba yetu ya Kariakoo tangu nilipoletwa bibi arusi nawajua, wao na mama zao, na wengine nayajua hata majina waliyoyakimbia huko kwao. Sasa mjukuu wangu kanikataza. "Bibi, andika unavyotaka, lakini usitaje jina la mtu hata mmoja, tutashtakiwa." Basi sitaji. Ila mjue ninayo, na yananiwasha ulimi.

Chumba chenyewe cha kliniki kiko Mchafukoge, pale mpakani na Kariakoo hata sisi tunapaita Kariakoo tu, chini ya ghorofa la zamani, na kilikuwa duka la vitenge. Ni chembamba, kirefu, mlango mmoja tu unaotokea barazani. Mjukuu wangu alikuwa amechoka kung'oa meno katika vyumba vya watu wengine. Akakipata hiki, akakipenda kama watu wanavyopenda mchumba, hasikii la kuambiwa. Akaleta fundi wa rangi, akamwambia paka nyeupe. Ukuta mweupe, dari nyeupe, chini vigae vyeupe. Viti vya kusubiria akanunua vya kijivu, virefu, vigumu, vya kumkalisha mtu kama yuko kituo cha polisi.

Nikamwuliza, "Mke mwenzangu, hapa tunatibu watu au tunagandisha samaki?"

"Bibi, ndiyo usafi huo. Mgonjwa akiingia aone usafi."

"Mgonjwa akiingia ataona sanda. Hata kule Feri samaki wanalazwa kwenye meza zenye rangi."

Akacheka, akaendelea na mambo yake. Ukutani akatundika picha ya jino moja limepasuliwa katikati kama papai, mizizi yote nje, na lile la ndani jekundu. Mimi kila nikiliangalia nasikia taya likiuma upande ambao hauna jino. Na mezani akaweka jino jingine la plastiki, kubwa kama nazi, la kufundishia watoto kupiga mswaki. Nikamwambia huyo mtoto atakayeliona hilo atafunga mdomo mpaka aoe.

Kiti cha kutibia kililetwa kwa mkokoteni, maana gari lilishindwa kupita kwa msongamano. Ili kisishike vumbi nikakifunika khanga zangu mbili, nikakifunga vizuri, huku kichwa, huku miguu. Sasa kile kiti kimelala, kimenyooka. Tulipokatiza Kariakoo wanaume wakaanza kuvua kofia. Wengine wakajiunga nyuma yetu, wakitembea taratibu, mikono tumboni. Tulifika mlangoni na waombolezaji wa kutosha kabisa. Ilibidi nifunue khanga niwaonyeshe, na mmoja wao, mzee wa heshima, akakasirika kwamba nimempotezea muda wake bure.

Hayo yote ni mchezo. Sasa lililokuwa si mchezo ni ukaguzi.

Kliniki haifunguliwi mpaka mkaguzi wa afya aje aione, aridhike, aandike. Mara ya kwanza alikuja mimi sipo. Akakuta anayesubiri anamwona anayetibiwa, mdomo wazi, mate yanachuruzika, hakuna sitara. Akasema jengeni kizuizi, nitarudi. Mjukuu wangu akajenga ukuta wa gipsam katikati, akaweka mlango. Lakini mwenye nyumba akaanza kuingiwa na wasiwasi. Akamwambia wazi, "Daktari, mkaguzi akirudi na ukafeli tena, mimi chumba nampa mtu wa makava ya simu."

Na huyo mtu wa makava hakungoja. Alikuwa anakuja na tepu yake, anapima ukuta mbele ya macho yetu, bila haya, kama mtu anayempimia sanda mgonjwa ambaye bado anaongea. "Shikamoo bibi," anasema, huku anapima. "Marahaba," namjibu, huku namwombea tepu imkate kidole. Mjukuu wangu alikuwa hali, halali. Alipungua mpaka koti lake jeupe likawa linamvaa yeye. Aliniambia, "Bibi, nikikosa hapa, narudi kwenye vyumba vya watu. Sidhani kama nitajaribu tena." Mtoto yule hajawahi kuniambia hatajaribu. Maneno yale yalinikaa hapa kifuani.

Siku ya ukaguzi asubuhi akakumbuka mtungi wa kuzimia moto haujarudi ulikopelekwa kujazwa. Akatoka mbio kuufuata. Akageuka mlangoni, "Bibi, kaa hapa. Usiguse kitu changu."

"Siwezi kugusa kitu chako."

Na kweli vyake sikugusa. Nilileta vyangu.

Jamani, mkaguzi ni mgeni. Hata kama anakuja kukutafuta ubaya, anapiga hodi, unamwambia karibu, basi ni mgeni. Na mgeni haingii chumba kitupu kama anaingia kuoshwa. Nikamwita mama wa maandazi, ambaye hukaa na beseni lake pale pale barazani petu, mwanamke wa Moshi, mikono yake ina nguvu ya kupindua gari, tukaenda nyumbani kwangu tukabeba. Mapazia yangu ya maua ya Idi, nikayaning'iniza kwenye ule ukuta wa gipsam. Vile viti vya polisi nikavitandika vitambaa vyangu vya kufuma, kila kimoja na cha mgongoni na cha mikononi. Maua ya plastiki, chupa ya chai, sahani ya kashata. Lile jino la plastiki nalo nikalifunika kitambaa cha duara kichwani, likatulia, likawa kama mama mkwe amekaa pembeni anatazama.

Nikaangalia chini. Vigae vitupu. Nikasema hapana.

Jirani yangu mmoja ana zulia jekundu la manyoya, refu. Kila bibi arusi wa mtaa wetu amelikanyaga akitoka kwao. Analiazimisha kwa moyo mmoja, ila lisirudi na doa. Nikaenda kuliomba. "Nani anaolewa?" akauliza. "Mjukuu wangu anaolewa na serikali," nikamjibu, "ni la mchana mmoja tu." Tukalitandaza kutoka mlangoni mpaka kwenye gipsam. Mama wa maandazi akasimama mikono kiunoni, akasema, "Sasa hapa hata mimi nang'olewa."

Akarudi kwenye beseni lake. Nami niwaeleze jambo la baraza lile, maana ndilo lililotuponza. Pale pembeni ya mlango wetu kuna baba mmoja anauza viatu vya mtumba. Anatandika turubai, anapanga jozi zake, na ukingo wa turubai unafika mpaka kizingitini kwetu. Adhana ya adhuhuri ikilia, wauzaji Waislamu wote wa baraza wanakwenda msikitini, na mama wa maandazi, kwa vile yeye ni mtu wa kanisani, anawashikia biashara zao. Anauza viatu, anauza chaja, anauza mikanda, bei zote anazijua. Jumapili yeye akiwa kanisani, wao wanamuuzia maandazi yake. Ndivyo wanavyoishi, na sijasikia wakigombana.

Adhana ikalia. Baba wa viatu akasema, "Mama, nishikie," akaenda. Na muda ule ule, "Hodi!"

Nikatazama, ni mwanamume mrefu, shati limenyooka, mkoba kwapani. Nikajua ndiye. Kawahi, na mjukuu wangu hajarudi.

"Karibu baba, karibu ndani."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Pita."

Akatazama lile zulia. Akatazama viatu vyake. Vilikuwa vyeusi, vya ngozi, vyenye ncha mbele, vinang'aa mpaka unaweza kujitazama ukajipaka wanja. Mtu yeyote aliyelelewa hawezi kukanyaga zulia la namna ile na viatu. Akainama, akavivua, akavipanga nje vizuri kabisa, kimoja kando ya chenzake. Akavipanga wapi? Pale kizingitini. Juu ya turubai.

Mimi sikuona. Nilikuwa namimina chai.

"Bibi, mimi niko kazini," akasema.

"Kwani kazini hawali?"

Akakaa. Akaegemea kitambaa. Akamega kashata. Akatazama mapazia, akatazama maua, nikaona mabega yanashuka. Nikasema moyoni, huyu tumempata. Akaniuliza, "Bibi, wewe Kiswahili chako si cha hapa. Mtu wa wapi?"

"Nimeolewa hapa miaka na miaka, lakini asili yangu Songea."

Akaacha kutafuna. "Mngoni?"

"Kwa baba na kwa mama."

Akaweka kashata chini, akacheka mpaka chai ikamtikisika. "Mimi Mhehe, bibi. Iringa."

Basi ikawa sherehe. Mngoni na Mhehe ni watani, mababu walipigana mpaka wakachoka, wakatuachia matusi tu tumalizie. Na mtani hakasirikiwi. Akichukua kitu chako, hupeleki polisi, unakwenda kukikomboa huku unacheka.

"Kumbe ndiyo maana una miguu mirefu," nikamwambia. "Ni ya kukimbilia. Tulipowafukuza babu zako hawakusimama mpaka wakaona baridi."

"Waliokimbia ni ninyi, bibi! Mpaka leo Songea iko mbali kwa sababu mlikuwa hamgeuki nyuma."

"Tuliacha hata kugeuka kwa sababu nyuma hakukuwa na wa kutisha."

Akapiga paja lake. Mimi nikawa nimeshamuuliza ukoo wake, na nikamtajia ndugu zake watatu waliowahi kupanga kwetu uani, majina kamili, na mmoja ambaye alihama bila kuaga. Akasema, "Huyo ni mjomba wangu." Nikasema, "Msalimie, mwambie ndoo yangu bado naitafuta."

Hapo ndipo mjukuu wangu akaingia, ule mtungi wa moto kaukumbatia kama mtoto mchanga, jasho linamtoka. Akaona mapazia. Akaona vitambaa. Akaona jino lake limevaa kilemba. Akaangalia chini, akaona zulia, na mguu wake ukabaki hewani, haujui utue wapi. Alinitazama tu, na macho yale nayajua, alinitazama hivyo hivyo siku niliyomfulia sare ya shule pamoja na khanga yangu mpya nyekundu.

Mkaguzi naye alipomwona daktari akabadilika. Akafuta mdomo, akasimama, utani ukaingia mfukoni. Wakapita ndani wao wawili. Nikasikia maji yanafunguliwa na kufungwa. Nikasikia mashine ya kuchemshia vifaa inafunguliwa. Nikamsikia anauliza sindano zilizotumika zinatupwa wapi, mjukuu wangu anajibu vizuri, sauti yake inatetemeka mwanzoni, kisha inanyooka. Nikaanza kuomba dua zote ninazozijua na nyingine nikatunga.

Wakatoka. Mkaguzi akasimama juu ya zulia kwa soksi.

"Daktari, ndani nimeridhika. Kizuizi kipo, kila kitu kipo. Mapazia haya ni ya kufulika, sina neno. Lakini hili."

Akaonyesha chini kwa kalamu.

"Nalitoa sasa hivi, mzee," mjukuu wangu akasema.

"Zulia la manyoya kwenye kliniki ya meno? Damu ikidondoka inatokaje? Sakafu ya mgonjwa ni ya kudekiwa. Mimi naandika ninachokikuta, siandiki nitakachoahidiwa. Nikianza kuandika ahadi nitafungua kliniki za Dar nzima."

"Mtani," nikamwita, "andika kwamba umemkuta bibi."

"Utani nje, bibi. Hapa ni kazi."

Mjukuu wangu akakaa kwenye kiti juu ya kitambaa changu. Hakulia. Alikaa tu na mtungi wake mapajani. Nami nikaona yule mtu wa makava amesimama ng'ambo ya barabara, tepu mkononi, anangoja. Nikatamani lile zulia linimeze na manyoya yake.

Mkaguzi akasema, "Ngoja nikaangalie njia ya kiti cha magurudumu hapo nje, halafu nimalize." Akatoka mlangoni. Akasimama. Akatazama kushoto. Akatazama kulia.

"Viatu vyangu viko wapi?"

Mama wa maandazi hakumsikia. Yeye alikuwa ananiita mimi kwa furaha. "Bibi! Njoo nikuambie! Nimemuuzia mwenzetu jozi moja ambayo hajawahi kuuza tangu aanze! Vyeusi, vya ncha. Mteja kavipenda huyo! Kanambia, 'Mama, mbona ndani vina joto?' Nikamwambia, 'Kaka, si jua la Kariakoo hilo?' Akavivaa hapo hapo, akatia vya kwake kwenye mfuko, akaondoka anatembea kama bwana harusi!"

Baba wa viatu ndiyo anarudi kutoka msikitini. "Vyeusi vya ncha?" akasema. "Mama, mimi sina vyeusi vya ncha."

Wote tukamtazama mkaguzi miguu. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu, na kidole gumba kikawa kinatuchungulia, kimoja, kama kinauliza kulikoni.

"Mmeuza viatu vyangu," mkaguzi akasema polepole.

Mama wa maandazi akajifunika uso na mfuniko wa beseni.

Mkaguzi akavimba. Nikaona shingo inajaa. Nikaona mkono unaishika kalamu kama kisu. Mjukuu wangu alikuwa amefika mlangoni, kashika kichwa. Nikajua sasa hili halitaishia kwenye zulia tu, huyu atatufungia na baraza zima.

Nikampazia sauti. "Mtani wangu! Unakasirika?"

Akanigeukia.

"Nasema Mhehe unakasirika? Mngoni kauza viatu vyako, wewe unavimba?"

Baba wa viatu akasikia. "Kumbe watani hawa?" akasema, na lo, maneno yale yakatembea baraza lote. Muuza chaja akasema watani! Muuza mikanda akasema kama ni watani basi, hana kesi! Wakaanza kupiga makofi. "Mtani hakasiriki! Mtani hakasiriki!" Hata abiria wa bodaboda waliokuwa wanapita wakaitikia bila kujua kuna nini.

Mkaguzi akageuka na soksi zake, akaingia ndani, akapiga magoti. Akaanza kulikunja lile zulia.

"We! Unafanya nini?"

"Viatu vyangu viko kwako," akasema, anakunja. "Zulia lako liko kwangu. Ukilitaka, lete viatu ulikomboe."

Mimi akili yangu siku ile ilikuwa nzito. Nilichofikiria ni jirani yangu tu na doa lake. Nikarukia ncha ya pili, nikaishika. "Si langu hili! La watu! La mabibi arusi!"

"Ndiyo vizuri, utalikomboa haraka."

Tukavutana. Bibi kizee huku, serikali kule. Mjukuu wangu akaja nyuma yangu nikajua anakuja kunisaidia. Kumbe kanifinya! Kanifinya hapa ubavuni, finyo la haja, na akaninong'oneza sikioni, "Bibi, achia. Bibi nakuomba, achia." Kisha akapiga magoti na yeye, akawa analikunja upande wake mbio mbio kama mtu anayekimbiza mvua isimkute na nguo kwenye kamba.

Nikaachia. Na hapo ndipo nikaona vigae. Vyeupe, vimedekiwa asubuhi, vinang'aa mpaka mlangoni.

Mjukuu wangu alikuwa mwaminifu hata pale. Akasema, "Mzee, lakini isije ikaonekana ni rushwa."

"Rushwa mtu hutoa kwa kutaka," mkaguzi akasema. "Huyu Mngoni ametaka? Muangalie sura yake." Akaliweka zulia begani, likamning'inia mbele na nyuma. Akaivuta kalamu. "Haya daktari. Sakafu ya mapokezi ni ya nini?"

"Vigae, mzee."

"Naona." Akaandika. "Inadekika?"

"Inadekika."

Akaandika tena, akaweka saini, akampa karatasi. Mjukuu wangu alilisoma lile neno "imepita", akalisoma tena, na kisha akaketi chini pale pale kwenye vigae vyake, koti jeupe na yote, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja hata nisijue nimshike wapi. Nikamfuta na kitambaa cha kiti.

Ikabaki miguu ya mkaguzi. Baba wa viatu, kwa aibu, akamwambia achague jozi yoyote. Lakini mguu wa Mhehe yule, nimeshawaambia, mrefu. Tulijaribu turubai zima. Jozi iliyomwingia ilikuwa moja tu, njumu za mpira, za kijani, na vijiti vyake chini. Akazivaa. Akashuka barazani, ko, ko, ko, ko, suruali imenyooka, mkoba kwapani, zulia jekundu begani.

Nanyi Kariakoo mnaijua. Mtu hawezi kubeba kitu akapita salama. Hatua chache tu, "Mzee, mechi saa ngapi?" Mwingine, "Kocha, nipange na mimi!" Na mwanamke mmoja mwenye mkoba mkubwa akamsimamisha. "Kaka, zulia bei gani?"

Mkaguzi akasimama. Akageuka taratibu, akanitafuta kwa macho mpaka akaniona. Akatabasamu. Kisha akamtajia yule mwanamke bei.

Mimi sikumbuki mara ya mwisho kukimbia ilikuwa lini, lakini siku ile nilikimbia, khanga mkononi, napiga kelele, "Haliuzwi! La watu hilo! Mhehe, haliuzwi!" Na nyuma yangu baraza lote linanishangilia. Alipoona nimefika karibu akatia mwendo, ko, ko, ko, akapotea kwenye watu. Kumbe anakaa Kigamboni, kwa hiyo zulia la mabibi arusi wetu lilivuka Magogoni jioni ile begani mwa mtu mwenye njumu, na sijui huko kwenye kivuko walimwuliza nini.

Kliniki ilifunguliwa. Mtu wa makava alikuja na tepu yake akakuta foleni, akakunja tepu akaondoka, ingawa shikamoo hakusahau. Mapazia yangu yapo. Vitambaa vipo kwenye viti, mjukuu wangu anavifua mwenyewe, na nimemsikia akimwambia mwenzake kwenye simu kwamba ni wazo lake.

Mkaguzi hupiga simu. "Mngoni, umepata viatu?" Namjibu, "Mhehe, zulia lipo?" Anasema lipo sebuleni kwake, wajukuu wanapigia sarakasi. Na jirani yangu mwenye zulia akiniuliza, namwambia ukweli kabisa, liko serikalini, linashughulikiwa. Ananitazama kwa heshima siku hizi.

Kwa hiyo kazi yangu sasa ni kukaa kwenye kiti cha kwanza karibu na mlango, na mama wa maandazi nje, tunatazama miguu. Kila mwanamume anayeingia namwona kwanza kuanzia chini. Juzi akaja mmoja, shavu limevimba kama andazi, kalishika kwa mkono, macho mekundu. Nikashusha macho. Vyeusi. Vya ngozi. Vya ncha.

"Karibu baba," nikamwambia. "Kaa. Vua."

"Bibi, ni jino."

"Najua ni jino. Vua viatu kwanza."

Akanitazama, maskini, lakini mtu mwenye maumivu habishi. Akaanza kuinama, mkono mmoja shavuni, mwingine kwenye kamba za kiatu. Nami nimeshainuka nichungulie ndani vimeandikwa namba gani, nikasikia sauti nyuma ya gipsam.

"Bibi! Mwache mgonjwa wangu na viatu vyake!"